Shahidi wa Kimondo

Katika mtaa wa Kondele, mjini Kisumu, habari haikosi miguu. Jambo likitokea asubuhi kando ya barabara, jioni husimuliwa sokoni nalo limekwisha ota mbawa. Jiulize basi, msomaji: kama jiwe lingeshuka kutoka angani na kutua mbele yako, ungesema nini? Ungesema ulichokiona, au ambacho ungependa watu wakiamini?

Swali hili si la ngano. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya namna hiyo yaliuangukia mji wa Mbale, Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu. Kipande kimoja, ambacho uzito wake haukufika gramu 4, kiligonga kwanza majani ya mgomba, kisha kikampiga mvulana kichwani bila ya kumdhuru. Wako walioamini kuwa mawe yale ni dawa ya Ukimwi iliyoletwa na Mungu, wakayasaga na kuyatumia. Tusiwacheke. Maradhi yale yalikuwa yakimaliza watu, na mfa maji haishi kutapatapa. Lakini huruma haiwezi kuligeuza jiwe kuwa dawa, na mgonjwa anastahili kuambiwa kweli.

Peter Jenniskens, mtaalamu wa falaki mzaliwa wa Uholanzi, alikwenda Mbale pamoja na wenzake kuuchunguza mkasa huo. Vimondo vingi ni vipande vya asteroidi, yaani miamba iliyosalia tangu sayari zilipoumbwa. Kipande kikiingia katika hewa yetu hupasuka. Vijiwe vyepesi huzuiwa upesi na hewa, na vile vizito huendelea mbele zaidi. Kwa hiyo ajuaye mahali kila jiwe lilipoangukia aweza kuitambua njia kilimopita kimondo. Walakini mtaalamu hakuwapo mawe yalipoanguka. Waliokuwapo ni wakulima na watoto. Hesabu zake zilitegemea kidole cha mtu aliyesema, "Lilianguka hapa." Kidole kile kikidanganya, hesabu nayo hupotoka.

Mfano wa pili ni wa Sudan. Tarehe 6 Oktoba 2008 Richard Kowalski, akiwa Arizona, Marekani, aliona asteroidi ndogo ikija. Kabla ya siku kutimia ilipasuka juu ya jangwa la Nubia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanadamu kuiona asteroidi kabla haijaifikia dunia. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum aliwahoji walioushuhudia moto ule, na mwezi wa Desemba yeye, Jenniskens na wanafunzi wakajipanga safu, wakatembea jangwani wakikagua mchanga. Vipande vikapatikana. Katika safu ile, mwanafunzi mmoja akipita bila ya kutazama, sehemu yake hubaki bila mtazamaji.

Huenda ukasema, "Mimi sina darubini wala shahada, elimu inanihusu nini?" Inakuhusu sana. Mtaalamu hujenga, lakini matofali huyapokea kwa watu wengi wasiojulikana. Kusema "nimeona hiki, na kile sikukiona" hakuhitaji fedha. Kunahitaji moyo wa kukubali kuwa na hadithi fupi kuliko ya jirani yako. Njia ya mwongo ni fupi, bali neno la shahidi mkweli hufika hata kwa watu ambao hatawaona maishani mwake. Anza na habari ndogo za mtaani kwako. Azoeaye kuzitia chumvi hizo hatajua kuacha siku jiwe la mbinguni litakapomwangukia mbele yake.