Je, Kodi Yaweza Kuwa Upendo?

Msamaria Mwema alitoa dinari mbili zake mwenyewe, naye alimwona kwa macho yule aliyemsaidia. Je, tukimsaidia mgonjwa tusiyemjua, kwa fedha tulizotozwa na serikali, huo nao ni upendo?

Tarehe 5 Julai 1948, Aneurin Bevan akiwa Waziri wa Afya, Uingereza ilianza kuwatibu watu wote, tajiri na maskini, bila kuwadai malipo kwa daktari wala hospitalini. Baadaye ada chache ziliongezwa, lakini msingi umebaki: gharama hutoka hasa katika kodi. Mwenye mapato makubwa hutozwa zaidi. Mwenye ugonjwa mzito hutibiwa zaidi.

William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury, hakuiona siku hiyo, maana alifariki mwaka 1944. Lakini alikuwa amefundisha kwamba Kanisa halina budi kusema juu ya mambo ya uchumi na maisha ya maskini.

Wengine husema kitu cha kulazimishwa si sadaka. Ni kweli. Kodi si sadaka, ni haki. Na mgonjwa hapaswi kungojea huruma yetu ndipo apone. Basi akwepaye kodi amepita kando kama kuhani na Mlawi, ingawa hakumwona majeruhi.

Hata hivyo, kodi haitoshi. Huko Uingereza wengi hungojea upasuaji kwa miezi mingi. Nani atawatembelea? Hilo serikali haiwezi kututoza, twalitoa wenyewe.