Mgeni Nyumbani Kwake

Je, kitu huanza kujulikana siku gani? Swali hili ni la kale, lakini ndege mmoja wa milima ya Udzungwa, hapa kwetu Tanzania, ametulazimisha kuliuliza upya.

Mwaka 1991 wataalamu wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika misitu ya milima hiyo. Ndani ya sufuria ya kitoweo waliona miguu ya ndege wasiyeweza kumtambua. Walimtafuta hata wakamwona akiwa hai, na mwaka 1994 wakamtangaza kwa jina la kitaalamu: Xenoperdix udzungwensis.

Utaratibu huu wa majina mawili ni wa Linnaeus wa Sweden, na kwa wanyama huhesabiwa tangu kitabu chake cha mwaka 1758. Jina la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo. La pili humtenga mwenyewe na nduguze. Udzungwensis maana yake ni "wa Udzungwa", na hiyo ni haki yake. Lakini Xenoperdix, kwa Kigiriki, ni "kwale mgeni". Mgeni wa nani? Msitu ule ni kwao.

Tuwe waadilifu, wataalamu wana hoja. Walipomchunguza waliona hafanani na kwale wengine wa Afrika. Jamaa zake wa karibu wako Asia. Neno moja "mgeni" limebeba habari hiyo yote, habari ambayo mwindaji, pamoja na ujuzi wake wote wa msitu, asingeweza kuipata. Tena bila jina la kitabuni ndege huyu asingeandikwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Hata hivyo, neno "kugundua" halinikai vizuri. Aliyemtia sufuriani alikwisha kujua pa kumpata. Mwalimu akishindwa kutamka jina la mtoto, akampa jingine jepesi, daftari la mahudhurio hunyooka. Lakini asithubutu kusema kwamba mtoto amezaliwa siku hiyo.

Na daftari lenyewe hubadilika. Mwaka 2003 kwale wa namna hiyo wanaoishi milima ya Rubeho walielezwa kuwa tawi la wale wa Udzungwa. Mwaka 2005 ikapendekezwa wahesabiwe kuwa spishi mbali. Ndege walibaki vilevile, kalamu ndiyo iliyohama.

Basi naona kwamba jina la kitaalamu ni elimu ya kweli, ila si hati ya kumiliki. Anayelitoa huongeza ujuzi juu ya ujuzi wa waliomtangulia, naye hujitwika wajibu kwa kiumbe alichokiandika. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika msitu ule wageni ni sisi, siku ya tatu imekwisha kufika, na jembe letu ni kuutunza.