Hamu ya Kujua na Hudhuri ya Moyo

Katika miji yetu hii ya pwani mtoto aulizaye sana hupewa jina baya. Mara huitwa mdaku, mara huitwa mjuaji, na aghlabu huambiwa anyamaze mbele ya wakubwa. Hakuna mzazi afanyaye hivi kwa nia mbaya. Sote tulilelewa hivyo, nasi tukalea hivyo. Walakini yapasa tujiulize kama jina lile tunalompa ni lake kweli, au tumechanganya mambo mawili yasiyokuwa na nasaba.

Liko jambo la kutaka kujua ya watu: nani kaingia kwa nani, fulani kapata wapi fedha za kujengea, binti wa jirani posa yake imevunjika kwa nini. Hii ndiyo tajassus, nayo imekatazwa wazi katika Surat al-Hujurat. Na liko jambo la kutaka kujua mambo yenyewe: maji hujaa na kupwa kwa sababu gani, neno hili limetoka wapi, khabari hii mwenye kuisema mwanzo ni nani, naye aliijuaje. Ajabu ni kuwa lile la kwanza, lililokatazwa, tumeliachia likastawi katika kila baraza, na siku hizi katika kila simu. Na hili la pili twalizima kwa mtoto angali mdogo. Mimi naona, na huenda nikawa nimekosea, kuwa mwenye kunyimwa la pili ndiye hukimbilia la kwanza, kwani moyo wa mwanadamu haukai bila ya kutafuta.

Sisemi haya kwa kumlaumu mtu. Kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe.

Kwa miaka mingi katika darasa yetu ya jioni nimekuwa nikiwasimulia vijana kisa cha Ahmad bin Majid, yule bingwa wa bahari wa Julfar, kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hata Calicut mwaka 1498. Nilikisimulia kwa namna mbili. Siku niliyotaka kuwatia fahari nilisema: tazameni, Mreno hakuijua njia mpaka alipoonyeshwa na Muislamu. Siku niliyotaka kuwaonya nilisema: tazameni, mtu mmoja wa kwetu alimfungulia adui mlango. Kisa ni kimoja, mafunzo ni mawili yenye kupingana, na hata siku moja sikushtuka.

Jioni moja kijana mmoja, mwanafunzi wa ufundi wa mitambo, akainua mkono. "Maalim, samahani. Aliyeona ni nani?"

"Aliyeona nini?"

"Aliyeona kuwa ni yeye."

Nikamjibu kwa ukali kuwa jambo hili lajulikana na limo vitabuni, akae chini. Akakaa, na wenziwe wakamcheka. Usiku ule usingizi ulinipaa, na sababu yake si kwamba nilimwonea kijana. Hayo niliyafahamu baadaye. Sababu ni kuwa nilikitafuta akilini kitabu kile nilichosema jambo limo ndani yake, nisikipate.

Nikaanza kutafuta. Nilichokikuta ni hiki. Mmoja wa wasafiri wa merikebu za Vasco da Gama aliandika khabari za safari ile siku kwa siku, naye hataji jina la Ibn Majid; asema tu kuwa mfalme wa Malindi aliwapelekea rubani, akamwita Mkristo. (Wareno wale walipowaona Wahindi wa Malindi na ibada zao waliwadhania Wakristo! Mtu huona analotamani kuliona.) Wanahistoria wa Kireno waliokuja baadaye wasema rubani alikuwa mtu wa Gujarati. Ama jina la Ibn Majid katika kisa hiki, limetajwa na mwanachuoni wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyefariki mwaka 1582, aliyekuwa akiandika khabari za Yaman na dola ya Uthmaniya miongo mingi baada ya safari yenyewe. Tena asema Ibn Majid alionyesha njia akiwa amelewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanachuoni wa Kifaransa, Gabriel Ferrand, aliyatwaa maneno hayo akayaeneza, na kutoka hapo yakaingia katika vitabu vya shule na midomoni mwetu. Wanachuoni wengi wa leo hawayakubali.

Basi mimi miaka yote ile nilikuwa nikiwasimulia watoto, kwa jina la fahari, uvumi ambao asili yake ni kumwita mtu mlevi na yeye hayupo kujitetea. Huku ndiko kukosa hamu ya kujua kunakomfikisha mtu. Hakumwachi mjinga tu; humfanya aidhulumu heshima ya maiti hali akidhani anamsifu.

Na lililonitia haya zaidi ni Ibn Majid mwenyewe alivyokuwa. Katika Kitab al-Fawaid, alichokimaliza kiasi cha mwaka 1490, ataja mabingwa watatu wa bahari waliomtangulia, awaita simba, naye mwenyewe ajihesabu wa nne wao. Awaheshimu. Lakini pamoja na heshima hiyo asema wazi kuwa wale walikuwa wakusanyaji wa maneno ya watu, hawakuyajaribu wenyewe ila katika sehemu ndogo ya bahari. Kadhalika aeleza kuwa babu yake alikuwa mjuzi, na baba yake akaongeza juu ya ujuzi wa babu kwa majaribio na kukariri, na yeye akaikariri bahari kiasi cha miaka arubaini akaongeza juu ya baba. Wanaohofia kuwa kijana aulizaye ataivunja adabu, nawatafakari maneno haya. Heshima na uchunguzi vimekaa katika kinywa kimoja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake.

Nami pia nilikariri. Yeye alikariri bahari, na kila safari ilimsahihisha. Mimi nilikariri maneno, na kila mwaka yalinigandia zaidi. Tofauti yetu haikuwa wingi wa miaka. Tofauti ni ile ambayo watu wa kulea nafsi huiita hudhuri ya moyo, yaani mtu kuwapo pale alipo.

Tazama kazi ya muallim wa chombo zama zile. Usiku hushika kibao mbele ya jicho, chini kikagusa upeo wa bahari na juu kikagusa nyota ya Jah, apate kujua kwa hesabu ya vidole ameelekea kaskazini au kusini kiasi gani. Lakini chombo kikiteremka kuja huku kwetu, Jah hushuka mpaka huzama, kwani Mombasa iko kusini ya mstari wa Ikweta. Hapo ilimpasa awe anazijua Farqadani na nyota za Naashi, azipime hizo. Aliyeshika nyota moja kwa mazoea alipotea. Na mchana hakuwa na mapumziko ya macho: rangi ya maji, ndege, majani yaeleayo, udongo uliokuja na bildi, hata nyoka wa baharini, ambao kwa mwenye kujua walikuwa ishara ya kukaribia bara Hindi. Nyoka wale waliwaona mabaharia wote. Aliyeambiwa kitu nao ni yule aliyekuwapo moyoni na aliyekwisha kujiuliza zamani kwa nini huonekana hapa wasionekane kule. Ndiyo maana nasema mambo haya mawili hayatengani. Mwenye hamu bila ya hudhuri huuliza na asingoje jibu. Mwenye hudhuri bila ya hamu ni kama mlinzi aukodoleaye macho ukuta.

Nasi tu wapi katika kazi zetu? Karani wa bandarini anakili hesabu ya jana juu ya karatasi ya leo, na shehena imebadilika. Muuguzi auliza, "Wajionaje?" na jicho li katika simu. Fundi wa kanzu aambiwa kila Idi kuwa bega lavuta, naye kila Idi alaumu kitambaa. Watu hawa si wavivu. Wamechoka, na mazoea ni godoro la mchoka. Hata katika sala, ni wangapi wetu hutoa salamu wasijue ilikuwa rakaa ya tatu au ya nne? Kwangu mimi dawa imekuwa ndogo mno hata naona haya kuitaja: nimeweka daftari, na kila jambo nitakalo kulifundisha huandika kando yake, "Nimelijuaje?" Mahali pengi pamebaki patupu. Darasa zangu zimekuwa fupi.

Wiki ile iliyofuata nilisimama mbele ya vijana nikasema kuwa kile kisa sikuwa nimekihakiki, na kwamba nilimdhulumu mwenzao kwa kumnyamazisha. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliomcheka, kwa kuwa haya nilimtia mbele yao. Akasema, "Haidhuru, Maalim," huku akitazama chini. Sikudhani kuwa ningeona uzito kiasi kile. Masikio yaliniwaka kama ya mtoto wa chuoni.

Kisha mdogo wao, ambaye sijapata kumsikia akisema, akauliza: "Basi yule Mgujarati, jina lake nani?"

Nikamwambia Wareno waliandika Malemo Cana. Malemo ni muallim, lile lile neno mnaloniitia mimi. Na Cana, kama walivyoeleza wajuzi wa lugha, ni neno la Kihindi la mtu mwenye kuhesabu nyota. Yote mawili ni kazi yake. Jina lake waandishi hawakuliandika.

"Kwa nini?"

Adhana ya Isha ilikuwa imekwisha kuanza, tukaacha hapo.