Lugha ya Jirani

Katika soko la Tunduma hukutana Mnyiha, Mnyamwanga, Mndali na Mnyakyusa, hata na Wabemba watokao Zambia. Siku moja nilimsikia kijana akimcheka mama mmoja mwuza maharage. Mama yule alikuwa akisema na mwenzake kwa Kinyakyusa, akatamka neno “umundu”. Kijana akadai ya kuwa ameliharibu neno “mtu”. Nikajiuliza: Je, ni haki kuiita lugha ya jirani lugha iliyoharibika?

Na tutazame kwanza mambo ya Ulaya. Warumi wa kale walisema Kilatini. Dola yao ilipovunjika, watu wa kila nchi waliendelea kukisema kwa namna yao, hata zikazaliwa lugha nyingi: Kiitalia, Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kirumania. Mkate uliitwa “panis”. Leo Mwitalia huuita “pane”, Mhispania “pan”, Mfaransa “pain”. Ni nani aliyeliharibu neno? Hakuna; wote wamerithi. Mwaka 813 maaskofu walikutana Tours, katika Ufaransa. Hawakuwakemea watu kwa kukosa Kilatini safi, bali waliagiza mahubiri yafasiriwe kwa usemi wa watu, ili wote wayafahamu.

Sisi nasi tunaye mama. Yeye hakuacha vitabu, lakini wanawe wamshuhudia. W. H. I. Bleek alizilinganisha lugha hizi katika kitabu chake cha mwaka 1862, akaziita jamaa moja, ndiyo Kibantu. Mnyakyusa husema “umundu”, Mbemba “umuntu”, Mswahili “mtu”. Nao wataalamu wameonyesha ya kuwa shina la kale ni “-ntu”. Basi, Kiswahili ndicho kilichoiangusha ile “n”! Kijana yule alimcheka mama kwa kuitunza sauti ambayo yeye mwenyewe ameipoteza.

Labda mtu atasema: Lugha nyingi zatutenga, Kiswahili chatuunganisha. Ni kweli, nami naandika kwa Kiswahili nipate kusomwa na wote. Lakini mtoto aliyepewa kazi ya kuwapokea wageni wa nyumba nzima hakupewa ruhusa ya kuwadharau nduguze. Manufaa ni jambo moja, heshima ni jambo jingine.

Basi tusikiapo neno la jirani, tusiulize limeharibiwa wapi, bali tuulize limetunza nini. Maana amchekaye ndugu yake kwa sura aliyoirithi kwa mama, amemcheka mama yake mwenyewe.