Bitana ya Chombo

Kazi ya mkono wa mtu ina pande mbili: upande uonekanao na upande ufichwao. Wa kwanza huhukumiwa na macho ya watu. Wa pili hauna hakimu ila dhamiri ya fundi mwenyewe. Tofauti hii hudhihirika sana katika ukarabati wa mbao za ndani za mashua iliyokwisha kuzeeka.

Katika mashua yenye vyumba vya kulala, kuta za ndani hufunikwa kwa mbao za msaji au mkangazi, au kwa plaiwudi iliyopakwa vanishi. Mbao hizi kwa chombo ni kama bitana kwa koti: huficha mataruma na kupendeza macho, lakini si zinazoshindana na bahari. Jahazi la mwambao aghalabu halina pambo hili. Mataruma yake yako wazi, na ubao ukianza kuoza baharia huuona akiwa katika kukumba maji.

Ugonjwa wa bitana mara nyingi hutoka juu. Maji ya mvua hupenya sitahani, kando ya madirisha na katika matundu ya skurubu, yakateremka nyuma ya mbao mahali pasipopita upepo. Maji hayo ni adui kuliko ya bahari, kwa kuwa chumvi huzuia ukuvu. Ubao wenye unyevu usiofika asilimia 20 hauozi. Ukiloa na kukaa hivyo, uozo huingia kimya kimya. Doa jeusi kwenye ukingo wa chini ni habari ya mwisho, si ya kwanza.

Fundi aitwaye kuondoa doa hilo ana njia mbili. Ya kwanza ni kubandua ubao wa kale, kukata mpya kwa kuufuatisha, na kuukaza mahali pake. Ya pili ni kutafuta mvujo na kuuziba, kukausha ubavu, kuchokoa mataruma kwa ncha ya kisu, kukata palipooza, kupaka epoksi kingo za ubao mpya zisinywe maji, na kuacha nafasi ya hewa nyuma yake. Njia hii ina siku nyingi na gharama kubwa; nayo ikimalizika, macho hayaoni tofauti yo yote baina yake na ile ya kwanza.

Je, fundi wa njia ya kwanza amesema uongo? Yuko atakayemtetea: aliombwa ubao, akatoa ubao. Utetezi huu una nguvu, maana mtu hadaiwi asichoahidi. Lakini ubao mzuri una kauli yake: humwambia aingiaye kwamba nyuma yake pana uzima. Fundi aliyeuona uozo akaufunika ameutuma ubao useme asilothubutu kusema kwa ulimi wake. Na watakaousadiki ni watu watakaolala humo usiku wa dhoruba. Ikiwa mwenye chombo hana fedha, na aambiwe, aachiwe hiari. Umaskini si aibu. Kuficha ni hiana.

Wengine huhofu kwamba kubadili mbao ni kukiua chombo cha kale. Plutarch aliandika kwamba wanafalsafa walibishana juu ya merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliibadilishia mbao moja baada ya moja. Manowari ya Victory ya Uingereza, iliyoshushwa majini mwaka 1765, ilitengenezwa baadaye, na mialoni mingi iliyooza ikapishwa na msaji na mvule. Jambo hilo halikufanywa siri, wala heshima ya manowari haikupungua. Badiliko lililo wazi haliuui ukweli. Sura ya zamani iliyofunika uozo ndiyo iuuayo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi kipimo cha fundi mwema ni hiki: aufunike ubavu ule tu ambao hataona haya ukifunuliwa.