Kuku Wangapi Wanatosha?

Mkazi wa Moshono au Sakina, jijini Arusha, anayetaka kufuga kuku uani hukwama mapema: aanze na wangapi? Muuza vifaranga ana jibu tayari. Boksi la vifaranga wa siku moja kwa kawaida hubeba mia, basi mtu aliyetamani mayai ya kifungua kinywa anajikuta na midomo mia ya kulisha. Kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 120 hivi kwa siku. Mfuko wa kilo 50 utawatosha kumi kwa siku arobaini. Mia wataumaliza ndani ya siku tano.

Ni hesabu ya mfuko wa fedha, lakini ndani yake limejificha swali la haki. Mali ya mtu huanza kudaiwa na wengine ikifika kiasi gani?

Fiqhi ya Kiislamu imeweka viwango: ngamia watano, ng'ombe thelathini, mbuzi au kondoo arobaini, ndipo zaka inapolazimu. Kuku hana kiwango chake. Akifugwa kwa biashara, hupigiwa thamani kama bidhaa nyingine yoyote. Nacho kitabu cha Walawi, sura ya 27, kinamtenga kwa Bwana kila mnyama wa kumi apitaye chini ya fimbo, ila kinataja mifugo ya ng'ombe na ya kondoo na mbuzi. Kuku amepenya katikati ya sheria zote mbili, na mfugaji wa uani ameachiwa dhamiri yake.

Waumini wa miteremko ya Meru hawakungoja aya. Katika sharika za Kilutheri, jogoo aliyefungwa miguu, mayai na mkungu wa ndizi huletwa kama sadaka, kisha hunadiwa nje baada ya ibada. Mwenye kuku watano akitoa mmoja, ametoa sehemu ya tano ya alichonacho. Mwenye mia huenda asijue hata ni yupi aliyekamatwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya wachache na wengi. Katika Mathayo 23:37 Yesu anajifananisha na kuku akusanyaye vifaranga vyake chini ya mbawa, na yeyote aliyewahi kumwatamiza kuku wa kienyeji anajua mbawa hizo zina mwisho: mayai kumi, kumi na mawili. Ukizidisha mno, ya pembeni hupoa na kuharibika. Upendo wa kuku ni mkubwa, lakini una kipimo.

Ugonjwa wa kideri unaongeza jambo jingine. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, lakini chupa moja ina dozi za kuku wengi mno kwa mwenye sita. Mfugaji mdogo wa Ngaramtoni itambidi apatane na majirani wachanje siku moja. Asiyechanja anaweza kupoteza karibu banda zima, na virusi havijui uzio.

Kwa anayeanza, matetea saba au wanane wanatosha kabisa. Akinunua vifaranga, asubiri baridi ya Juni na Julai ipite, la sivyo atakesha akichochea jiko la mkaa. Jogoo si lazima kwa anayetaka mayai ya kula tu. Matetea watataga bila yeye, na majirani watalala mpaka adhana.