Je, Ni Aibu Kuishi kwa Msaada?

Wako wagonjwa wa moyo wanaosita kuwekewa kidude cha kuongoza mapigo. Husema: “Aishiye kwa betri si mtu kamili.” Neno hilo yafaa tulipime.

Tarehe 8 Oktoba 1958, mjini Stockholm, nchi ya Sweden, daktari Åke Senning alimpasua Arne Larsson, mwenye miaka 43, akamtilia kidude kilichoundwa na Rune Elmqvist. Moyo wa Larsson ulikuwa ukisimama, naye akizimia mara nyingi kwa siku. Mkewe ndiye aliyewasihi mabwana hao wasimwache afe. Kidude cha kwanza kilifanya kazi saa chache tu, kikawekwa kingine. Maishani mwake Larsson alibadilishiwa vidude zaidi ya 20. Alifariki mwaka 2001, akiwa na miaka 86, Senning na Elmqvist wakiwa wamemtangulia.

Je, miaka 43 hiyo ya pili haikuwa yake? Kidude hakishiki mahali pa moyo. Moyo ukichelewa, huugutusha kwa umeme kidogo mno. Moyo wenyewe ndio upigao. Ndivyo jirani amwamshavyo aliyelala: safari hubaki ya msafiri.

Basi anayeona haya kusaidiwa na ajiulize ni nani aliyemnyonyesha, na nani aliyemfundisha kusoma. Sote tu wadeni wa mikono ya watu. Mgonjwa huyu amelichukua deni lake chini ya ngozi tu. Na apokee bila aibu, nasi tulio wazima tusimhesabu kuwa nusu mtu.